Somo na Jirani Yake

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika kwa shangazi leo asubuhi na begi moja. Mama amenipa daftari hili niandike kila siku, ili nisisahau kabisa namna ya kuongea. Alisema kwa utani, lakini daftari alinipa kweli.

Shule nimemaliza, matokeo hayajatoka, kwa hiyo nyumbani kila mtu alikuwa na kazi ya kunipa. Baba akaona bora kazi hizo anipe dada yake mkubwa. Shangazi alifundisha mambo ya mimea chuoni mpaka akastaafu. Sasa anaandika kitabu cha maua ya mwituni ya jamii ya alizeti, yale yanayoota kwenye mlima ulio nyuma ya nyumba yake, na macho yamemgeuka kabla hajamaliza. Haoni giza. Anaona pembeni tu, katikati kuna doa. Akitaka kunitazama usoni inabidi aangalie sikio langu.

"Usidhani nakudharau," amesema. "Nikikuangalia sikio ujue nakuona."

Mimi napenda. Watu wakinitazama usoni maneno hunipotea.

Kazi yangu ni kuwa macho yake mpaka mvua ziishe. Mwisho wa Aprili mchapaji anachukua kitabu.

Nina jina la bibi, mama yao. Ndiyo maana baba huniita mama. Leo nimegundua na shangazi huniita hivyohivyo, mtu mzima mwenye mvi. "Mama, kaoshe vyombo." Nimeviosha huku nacheka peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeaibika siku ya kwanza tu ya kazi. Shangazi aliweka ua la njano mezani, akanipa lenzi.

"Lina petali ngapi?"

Nikahesabu kwa makini. "Kumi na tatu."

"Kumi na tatu nini?"

"Petali."

"Umehesabu maua kumi na matatu, mama. Na mengine hujayagusa."

Nilidhani ananitania. Kumbe katika jamii hii kile tunachokiita ua ni umati. Kila ulimi wa njano ukingoni ni ua zima, na kile kitufe cha katikati ni maua mengine madogo yaliyobanana. Ni kama kupita nje ya darasa lililojaa, ukasema umeona mwanafunzi mmoja. Nilipasua kitufe kwa pini, nikaangalia kwa lenzi, na kweli, kila punje ilikuwa na mdomo wake uliofunguka.

Nikauliza kama tutayatambua maua kwa hesabu ya hizo ndimi. Akakataa. Mmea ulioshiba una ndimi nyingi, wenye njaa una chache. "Usimjue mtu kwa siku aliyoshiba," amesema, "wala kwa siku aliyoshinda njaa."

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha usiku na leo tumepanda mlima. Shangazi ananishika bega, mimi namwambia kuna jiwe, kuna shimo. Ni maneno mengi kuliko niliyosema mwezi mzima uliopita.

Mlimani kuna maua mawili ya njano yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa linajulikana tangu zamani. La pili shangazi mwenyewe ndiye aliyelitenga, akiwa kijana, na kwa kuwa alilitenga akaruhusiwa kulipa jina. Akalipa jina la mama yake. Yaani jina langu. Nilikuwa nimeshasikia hadithi hiyo nyumbani, lakini kuisikia huku umechuchumaa mbele ya ua lenyewe ni kitu kingine.

"Huyo ni somo wako," amesema. "Msalimie."

Majina yao ya Kilatini ni marefu kama treni, kwa hiyo humu ndani wanaitwa Somo na Jirani.

"Utawajuaje?" akaniuliza.

Nikatazama uso wa huyu, nikatazama uso wa yule. Sikuona tofauti.

"Uso ni wa ukoo mzima, hautakusaidia. Mgeuze. Mwangalie kisogo."

Nyuma ya ua kuna vijani vidogo vya kijani vilivyopangana kama vigae. Kisogo cha Jirani ni kipara. Cha Somo kina nywele nyeupe, laini, fupi. Shangazi amesema bibi alipokuwa akiinama kufagia, nywele za aina hiyo zilichungulia chini ya kitambaa chake. "Siku nilipomgeuza huyu kwa mara ya kwanza, nilimwona mama ameinama."

Mimi bibi sikumkuta. Leo nimeona kisogo chake.

Tumefunga uzi mwekundu kwenye mashina matatu ya Somo, uzi mweusi kwenye matatu ya Jirani, moja lake likiwa kivulini, ili tuyafuate mpaka mvua ziishe. Juu kabisa kuna mnara wa simu na uzio, na mlinzi. Alipaza sauti: "Binti, umepoteza hereni?" Nilijibu, lakini jibu liliishia kooni.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Tumekausha maua kati ya magazeti, mbao juu, mbao chini, tukafunga mikanda. Shangazi amenikalisha juu ya mbao kama mtu anayefunga sanduku la safari.

Jumanne, 11 Machi

Sasa tuna utaratibu wetu. Naleta ua, nakaa dirishani, shangazi anauliza bila kugeuka.

"Jani?"

"Lina meno."

"Shina?"

"Limesimama, halitambai."

"Kisogo?"

"Kina nywele."

"Huyo Somo. Mwingine."

Napenda anavyosema "mwingine". Shuleni nilikuwa nikijibu, mwalimu husema "paza sauti".

Jumamosi, 15 Machi

Baba amepiga simu. "Mama, unakula?" Nakula. "Dada yangu hakutesi?" Hanitesi. "Mbona unajibu kama upo mahakamani?" Shangazi amechukua simu, akamwambia mimi ndiye msaidizi wa kwanza kumpata asiyempigia kelele, aniache.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imenyesha wiki nzima na mlima umekuwa kijani mpaka unaumiza macho. Nimepanda peke yangu kwa sababu ya utelezi. Shina la kwanza la uzi mwekundu limetoa ua jipya. Nimeligeuza. Kipara.

Nimekagua fundo. Ni langu, nafunga kama kamba za viatu. Labda tulikosea tangu mwanzo. Sijamwambia shangazi. Nitaangalia tena.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Nimeangalia tena. Shina lilelile, maua mawili. La zamani, lililonyauka, kisogo kina nywele. Jipya, kipara kama kiganja. Maua ya mama mmoja, mzizi mmoja.

Nikaleta lile jipya dirishani kwa kuwa ndilo lililokuwa zima. Shangazi akauliza jani, nikajibu. Akauliza shina, nikajibu. Akauliza kisogo.

Alikuwa akitabasamu kidogo, uso ameuelekeza kwenye picha ya bibi ukutani, yaani alikuwa hatazami picha bali kitu kilicho kando yake. Kwenye kitabu, ukurasa wa Somo ndio ameuandika vizuri kuliko zote.

Nikasema, "Zipo."

"Huyo Somo. Mwingine."

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Chakula hakipiti.

Jumanne, 1 Aprili

Mashina yote matatu ya uzi mwekundu sasa yanatoa maua yenye kisogo kitupu. Ukiyaweka kando ya yale ya uzi mweusi huwezi kuyatenganisha. Hata mimi siwezi, na siku hizi nawaona mpaka nikifumba macho.

Kama tofauti ni nywele, na nywele zinaondoka na mvua, basi hakuna maua mawili. Kuna moja, linalovaa na kuvua. Na Somo hayupo, hakuwahi kuwepo.

Mchapaji amepiga simu. Ana sauti ya mtu anayekula huku anaongea. "Mwalimu, tunaendaje?" Shangazi amemwambia kesho tunasoma kurasa za mwisho kwa sauti.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia. Naandika taratibu ili nikumbuke ilivyokuwa.

Tulikaa mezani na kurasa. Mimi nasoma, yeye anasikiliza, akitaka kubadilisha neno ananigusa mkono. Kurasa tano zilipita vizuri. Kisha Somo. Nikasoma makazi yake, majani yake, rangi yake. Nikafika hapa: "Hutofautishwa na jirani yake kwa nywele nyeupe za kisogo, ambazo daima..."

Nikaishia hapo.

"Daima zipo," shangazi akamalizia. Anaujua kwa moyo. "Endelea."

Sikuendelea.

"Mwandiko haueleweki?"

"Unaeleweka."

"Basi soma, mama."

"Hazipo," nikasema.

Akageuza uso kunitazama sikio. Mvua ilikuwa imekatika na bomba la paa lilikuwa likidondosha matone kwenye ndoo, na mimi nikawa nasikiliza ndoo.

"Hazipo wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, uzi mwekundu, fundo, ua la zamani na ua jipya kwenye shina moja. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kwa upole kabisa.

"Umeona lini mara ya kwanza?"

"Wiki iliyopita ile nyingine."

"Na wiki iliyopita, nilipokuuliza kisogo ukasema zipo?"

"Hazikuwepo."

Nilidhani atafoka. Ingekuwa nafuu. Alikusanya zile kurasa, akazigonga mezani mpaka kingo zikalingana, kazi isiyohitaji macho.

"Nilikuomba macho," akasema, "wewe ukanipa moyo. Moyo ninao, msichana."

Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango bila kuubamiza.

Msichana. Mwezi mzima hajaniita hivyo. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilipoamka begi langu nilikuwa nimeshalipanga tangu usiku. Shangazi alikuwa jikoni, amejimiminia chai mpaka ikamwagika kwenye sahani, anainywa hivyohivyo.

"Kaa," akasema. "Nimefikiri. Mimi kila nilipopanda mlima huu ilikuwa kiangazi, wanafunzi wakiwa likizo na njia zikipitika. Miaka yote. Mvua ikianza nilikuwa darasani, na nilipostaafu macho hayakuniruhusu kwenye utelezi. Jua likiwaka, ua linavaa nywele. Mvua ikija, linavua, kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani. Sikuwahi kuwepo wakati wa kuvua."

"Kwa hiyo Somo hayupo?" nikauliza.

"Sijui. Hilo ndilo neno nililotakiwa kuliandika badala ya 'daima'." Akanywa chai ya kwenye sahani. "Kuna kitu kimoja sijawahi kukiona kwa yeyote kati yao. Mbegu zilizokomaa. Kiangazi unakuta maua yaliyochelewa tu, mbegu zao mbichi, na nyingine zimeshaliwa na wadudu. Nywele ni nguo. Mbegu ni mifupa. Tusubiri mbegu, tuone ni wawili au mmoja. Akiwa mmoja nitaufuta ukurasa kwa mkono wangu, na mama atanisamehe, alikuwa hapendi uongo hata wa kumsifia."

Akampigia mchapaji, amwachie ukurasa ule mweupe.

"Mwalimu," tukamsikia, "mashine haijui kusubiri."

"Basi ifundishe. Mimi nimefundisha vichwa vigumu zaidi."

Amekubali mpaka mwisho wa mwezi, si siku moja zaidi.

Nikasema nisamehe, shangazi. Akasema kafungue begi. Lakini hakusema mama.

Jumatano, 9 Aprili

Maua yameanza kufumba. Yakishapita ujana yanajifunga kama ngumi, na humo ndani mbegu zinaiva.

Leo nimekuta mlinzi wa mnara anafyeka. Ameshafyeka upande wote wa juu, panga linaimba. Shina moja la uzi mwekundu na moja la uzi mweusi yamelala chini na nyuzi zao, ngumi zao mbichi. Nilisimama hatua chache tu kutoka kwake. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, nimeipanga vizuri, ina mwanzo na mwisho. Akageuka, "Daktari wa majani kaja!" na sentensi yote ikarudi ilikotoka. Nikaokota nyuzi nikashuka.

Shangazi nimemwambia ukweli wote, pamoja na huo wa kunyamaza. Amesema, "Mashina mangapi yamebaki?" Mawili na mawili. "Kesho atafika hapo?" Atafika.

Hakuniambia cha kufanya.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepanda mlima kabla hajaanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe unaongea!"

"Naomba usifyeke pale."

"Pale wapi? Majani ni majani, binti. Bosi anataka nyoka wakose pa kujificha."

"Pale kwenye nyuzi. Kuanzia jiwe lile mpaka kona ya uzio. Mpaka mwisho wa mwezi tu."

"Kuna nini, mmezika hazina?"

"Kuna ua lina jina langu."

Akacheka mpaka akaegemea panga. "Una jina la gugu?"

"La bibi yangu. Ua limepewa jina lake, na mimi pia. Sasa hatujui kama lipo kweli au halipo. Tutajua mbegu zikiiva. Ukifyeka hatutajua."

Nilifika mwisho wa sentensi. Akaacha kucheka.

"Mimi nimepewa jina la babu," akasema, "mtu mkali huyo, mpaka mbwa walimwogopa. Hakuna aliyenipa ua." Akapima kwa macho kutoka kwenye jiwe mpaka kona. "Bosi akiuliza nitamwambia panga limekuwa butu. Lakini nyoka akitokea, ni wa kwako."

Nimeshuka mlima mbio, nikiteleza. Nilitaka kumwambia mtu kwamba nimeongea.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua zinapungua. Asubuhi manyunyu, mchana jua. Kile kipande kisichofyekwa kinaonekana toka dirishani kwetu kama kiraka kwenye suruali.

Jumanne, 22 Aprili

Bado. Nimefinya ngumi moja kidogo, ndani ni nyeupe na mbichi. Shangazi amesema nisiwe mtu wa kufungua sufuria kila dakika.

Alhamisi, 24 Aprili

Zimefunguka. Vile vitufe vya njano sasa ni mipira ya manyoya meupe. Nimevikata kwa mkasi, kila kimoja kwenye bahasha yake na uzi wake, nikashuka nikiwa nimezuia pumzi, na mlinzi akanifungulia njia kama nimebeba mayai.

Shangazi alifunga madirisha. Tukaweka sahani ya bluu mezani.

"Tuanze na Jirani," akasema. "Leta karibu na mdomo wangu." Akapuliza. Manyoya yakajaa chumbani, mengine yakamkaa kwenye mvi. "Imebaki nini?"

"Hakuna kitu. Mbegu zote zimeruka."

Tukapuliza Jirani wa pili, yule aliyeota kivulini kwenye kona ya uzio. Lakini huyo nitamsema baadaye.

"Mlete Somo."

Nikamsogeza kwa mikono miwili. Akapuliza. Manyoya yakaruka vilevile, yakapanda vilevile. Kisha nikatazama nilichokishika.

"Kuna zilizobaki," nikasema.

"Puliza na wewe. Nguvu."

Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Hazikuondoka. Zilikaa mduara, ukingoni, mahali zilipokuwa zile ndimi za njano. Mbegu fupi, nyeusi, zisizo na unyoya hata mmoja. Za katikati zimeruka, za ukingoni zimegoma.

"Unaniambia kwa macho," shangazi akauliza, "au kwa moyo?"

"Gusa mwenyewe."

Nikamwekea kwenye sahani, nikamwongoza kidole. Akapapasa mduara polepole, mzunguko mzima, kisha wa pili. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama wa mtoto anayesikiliza.

"Zipo," akasema.

Neno lilelile. Sikuweza kumtazama hata sikio.

Tukapuliza Somo wa pili. Zikabaki. Hapo ndipo nikamkumbusha yule wa kivulini mwenye uzi mweusi, tuliyemwita Jirani kwa sababu tangu siku ya kwanza hakuwa na unywele. Kwake pia mduara ulibaki.

Shangazi akacheka mpaka akakaa. "Kumbe ni Somo! Ameishi kwenye kivuli, hakuhitaji kuvaa chochote, na mimi nimempita miaka yote nikimwita Jirani." Akafuta macho, yaleyale yasiyoona katikati. "Wako wawili. Mpaka wa kuwatenganisha nilikuwa nimeuweka mahali pasipo pake. Mama, lete kalamu."

Nilisimama palepale.

"Mama! Kalamu."

Nikaenda kuileta.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumeandika ukurasa upya, asubuhi nzima. "Daima" imetoka. Kuhusu nywele sasa tunasema huwepo wakati wa jua kali, na zisipokuwepo mtu asihukumu. Shangazi alitaka sentensi ya mwisho ya kumwambia msomaji asiye mtaalamu namna ya kuwatofautisha. Alijaribu tatu, zote ndefu kama jina la Kilatini. Akachoka, akasema andika wewe.

Nikaandika: "Subiri mbegu ziive, kisha puliza. Anayebakiza kitu mkononi mwako ndiye."

Nikamsomea. Nikaanza kusema naweza kuongeza kidogo kuhusu rangi.

"Usiongeze neno," akasema.

Mchapaji amekuja kuchukua kurasa mwenyewe. Ni mwembamba, sikutegemea. Aliniuliza mimi ni nani, na nikamtajia jina langu. Akaangalia ukurasa, akaniangalia mimi, akaangalia tena ukurasa.

Ijumaa, 2 Mei

Jua. Baba anakuja kunichukua kesho. Amesema matokeo yanatoka wiki ijayo, na nimeshangaa kwamba nilikuwa nimeyasahau. Shangazi amesema yakiwa mazuri niende chuo, yakiwa mabaya nirudi hapa, na yakiwa mazuri nirudi hapa pia mvua zikianza.

Nimepanda mlima mara ya mwisho kutoa nyuzi. Mlinzi alikuwa ananoa panga. "Nyoka wako hajatokea," akasema. "Vipi, lipo ua?" Nikamwambia lipo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua.

Kulikuwa na mpira mmoja wa manyoya uliobaki kwenye shina la kivulini. Nikaukata, nikaupuliza. Yakapanda juu ya uzio, yakapita mnara, sikuyaona tena. Zile mbegu zilizobaki kiganjani nimeziweka chini, palepale kwenye mizizi, zilipotaka kukaa.